Sifa ya Waitikiaji

Miongoni mwa fani zote ambazo mwanadamu huzitenda kwa koo lake, kuanzia mahubiri ya ibada hadi bembelezi za watoto, hakuna iliyo haba kusifiwa kuliko fani ya kuitikia. Kwani mwimbishaji husimama mbele, jina lake huandikwa kwa herufi kubwa, na watu wakienda zao nyumbani husema wamemsikia fulani, ilhali wale watatu au wanne waliosimama hatua moja nyuma yake, waliomshika asianguke na kumwinua alipotaka kuinuka, hurejea makwao bila ya kutajwa. Nimeishi sehemu kubwa ya umri wangu katika mji wa Nyeri, mahali ambapo watu walikuwa wakiimba kwa kuitikizana tangu kabla hawajajua kusoma, na tunazo kwaya adhimu ambazo sitaki kuzivunjia heshima. Lakini ushahidi bora wa fani hii niliopata kuusikia ulitoka mbali nasi, katika santuri iliyotolewa Detroit, Marekani, mwezi wa Novemba 1966, yenye nyimbo 12 za kundi la The Temptations, na iliyopewa jina lisilo na madaha yoyote, Greatest Hits.

Wako wajuzi wa muziki wanaoidharau mikusanyo ya namna hii, wakisema kwamba ni hila ya wafanyabiashara wanaotaka kuuza bidhaa moja mara mbili, na kwamba mwenye mapenzi ya dhati humfuata mwimbaji katika santuri zake kamili, moja baada ya moja, kwa taratibu aliyoipanga mwenyewe. Hoja hiyo ina haki yake kwa waimbaji wa zama za baadaye, waliotunga santuri nzima kwa azma moja tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Lakini haiwagusi Temptations wa miaka ile, kwa sababu kampuni yao, Motown, ambayo Berry Gordy aliianzisha mwaka 1959 kwa mkopo wa dola 800 kutoka katika akiba ya jamaa zake, ilifanya kazi kwa wimbo mmoja mmoja, kila mmoja ukitolewa katika kisahani kidogo chenye nyuso mbili, na ustadi wote wa watunzi, wapigaji na waimbaji ukimiminwa katika dakika mbili na nusu au tatu za uso mmoja. Anayevikusanya visahani hivyo anaipanga diwani ya kweli ya kundi, na wala hajapotosha kitu.

Na faida kubwa ya diwani hii ni kwamba mwimbishaji habaki mmoja. Katika nyimbo hizo 12, David Ruffin anaimbisha 6, Eddie Kendricks 5, na Paul Williams 1. Otis Williams na Melvin Franklin hawaimbishi hata mmoja. Msikilizaji anayezipokea zote kwa mfululizo hutambua jambo ambalo santuri ya mwimbaji wa peke yake haiwezi kumwonyesha, nalo ni kwamba mahali pa mbele hukaliwa na huyu kisha na yule, bali tabia ya kundi la nyuma haigeuki, na kwamba yule yule aliyekuwa akiimbisha mbele katika wimbo wa pili amerudi nyuma katika wimbo wa tano, amekuwa sauti moja kati ya nne, wala hasikiki akijitanua ili akumbukwe. Hilo la mwisho ndilo gumu. Wengi wanaweza kuimba vizuri mbele za watu. Walio haba ni wale ambao, baada ya kushangiliwa kwa sauti yao, huweza kuificha ndani ya sauti za wenzao kwa hiari na bila ya kinyongo, wakajua kiasi cha pumzi kinachotakiwa na wasizidishe hata chembe.

Wote watano walizaliwa Kusini mwa Marekani, katika majimbo ya Alabama, Mississippi na Texas, na wakakutana Detroit, mji wa viwanda vya magari uliowavuta watu weusi kwa maelfu kutoka mashamba ya pamba. Kundi lao lilizaliwa mwaka 1961 kwa muungano wa makundi mawili, ambapo Kendricks na Paul Williams walitoka katika The Primes, na Otis Williams na Franklin wakatoka katika The Distants. Ruffin, mtoto wa mhubiri, aliyeimba nyimbo za dini tangu utotoni, aliingia mwanzoni mwa mwaka 1964 kushika nafasi ya Elbridge Bryant. Sifa ya muziki wa soul, ambao wao ni miongoni mwa mabingwa wake, ni kwamba uliyatoa kanisani mambo mawili, yaani ile sauti ya mhubiri anayepandwa na hamasa hata maneno yakamshinda, na lile jibu la waumini wasiomwacha peke yake hata nukta moja. Kisha ukayapeleka mambo hayo katika huba, wivu, toba na jitimai za watu wa kawaida. Ray Charles alikuwa amekwisha kuifungua njia hiyo mwaka 1954, alipouchukua mwendo wa wimbo wa dini na kuutilia maneno ya mapenzi, na wacha Mungu wengi wakamlaumu kwa hilo.

Kwetu sisi jambo la kuhamisha mahadhi ya kanisa halikuwa geni, nami naamini kwamba hii ndiyo sababu santuri kama hizi zilipofika katika miji inayouzunguka Mlima Kenya hazikuhitaji mfasiri. Wamisionari wa Consolata walifika katika nchi ya Wakikuyu mwaka 1902, na wale wa Kanisa la Scotland wakaweka kituo Tumutumu, karibu na Karatina, mwaka 1908, na wote walikuja na nyimbo zao za ibada. Lakini waliwakuta watu ambao ngoma zao zilikuwa na mwimbishaji na waitikiaji tangu enzi na enzi. Ulipozuka ugomvi kati ya misheni na Wakikuyu juu ya tohara ya wasichana, mwaka 1929, wimbo wa Muthirigu ulienea katika milima hii kwa kasi iliyowatisha watawala, hata serikali ikaupiga marufuku mwanzoni mwa mwaka 1930. Na siri ya kasi hiyo, kwa maoni yangu, ilikuwa katika muundo wake, kwani mwimbishaji aliweza kuzua ubeti mpya papo hapo na kumtaja amtakaye, wakati halaiki ilikuwa na itikio fupi la kushikika kwa kulisikia mara moja. Kisha katika miaka ya mwanzo ya 1950, vita vya Mau Mau vilipokuwa vikikaribia na hatimaye kupamba moto katika misitu ya Nyandarua na ya Mlima Kenya, watu waliyachukua mahadhi ya nyimbo za ibada walizofunzwa na misheni, wakayavika maneno ya ardhi na uhuru, na Mzungu aliyepita njiani akadhani kwamba anasikia watu wakimwomba Mungu. Kule Marekani mahadhi ya kanisa yalipelekwa kwenye mahaba, na huku yakapelekwa vitani. Njia mbili zilizo baidi, lakini waliozipita walikuwa na elimu moja, yaani kujua kwamba wimbo wenye itikio imara unaweza kubeba maneno yoyote utakayoupa.

Hata leo, mwenye kutaka kuuona ustadi huu ukiwa hai haendi kwenye jumba la muziki, bali huenda Jumamosi kwenye shughuli ya ruracio, yaani ya kupeleka mahari, iwe Tetu, Othaya, Mukurwe-ini au ng'ambo ya Kirinyaga. Wageni wa upande wa kijana hufika langoni wakiwa na vyakula na zawadi zao, na lango hukutwa limefungwa kusudi. Wanawake walio nje huanza kuimba wakiomba wafunguliwe, na walio ndani huwajibu kwa wimbo wakitaka kujua wametoka wapi, wamefuata nini na wamebeba nini, na majibizano hayo huweza kuendelea kwa muda mrefu huku jua likiwachoma na wazee wakitabasamu kwa mbali. Nimewatazama akina mama hao mara nyingi, na kila mara jicho langu humwacha anayeimbisha na kuwatafuta wale wa mkono wake wa kushoto na wa kulia, ambao humfuata bila ya kumtazama, humpa nafasi ya kupumua kwa kurefusha silabi ya mwisho, na akisahau maneno hulirudia itikio mara ya pili kwa nguvu zaidi, hata walio ndani ya lango wasijue kwamba kulikuwa na pengo. Hawakufunzwa hayo na mwalimu. Wameyapata kwa kusimama karibu na mama zao.

Soul ilifika kwetu kwa njia za kawaida za zama hizo, yaani kwa redio na kwa santuri zilizonunuliwa Nairobi na kupandishwa huku pamoja na nguo na vitabu. Sauti ya Kenya, katika idhaa yake ya Kiingereza, ilizipiga nyimbo hizi kwa miaka mingi, na kipindi cha jioni cha Sundowner kimewalea watu wazima wa leo kwa zilizopendwa za Marekani na Uingereza, hata mtu asiyejua mahali Detroit ilipo huweza kuuimba wimbo mzima wa Temptations akiwa anakamua ng'ombe. Nilimjua mwalimu mmoja wa kwaya upande wa Karatina, mtu wa nidhamu kali na moyo mpole, ambaye hakuwa na haja na nyimbo za kidunia ila hii santuri tu, naye aliitumia kwa namna niliyoiona ya hikima: aliwaketisha waimbaji wake, akawapigia wimbo mmoja mara nne, na kila mara akawaamuru waifuate sauti moja tu na kuzisahau nyingine, kwanza ile ya juu kabisa, kisha ya pili, kisha ya tatu, na mwisho besi. Wengi wao walikuwa wameusikia wimbo huo maisha yao yote, na ilipofika mara ya tatu nyuso zao zilibadilika, kwa sababu walikuwa wakisikia kitu kilichokuwamo siku zote, wasikijue.

Nami nimeifuata njia hiyo ya mwalimu katika kuisikiliza santuri hii, na napenda nisimulie niliyoyapata, nikianza na wimbo ambao kila mtu anaujua. "My Girl" ulitungwa na Smokey Robinson na Ronald White, wote wawili waimbaji wa kundi la The Miracles, ukatolewa Desemba 1964, na mwezi wa Machi 1965 ukashika nafasi ya kwanza katika orodha ya Billboard, jambo ambalo Temptations walikuwa hawajapata kulifikia. Watu huusifu kwa gitaa la Robert White linalopanda ngazi ya sauti tano juu ya mapigo ya gitaa la besi la James Jamerson, na kwa sauti ya Ruffin iliyo tamu na yenye mkwaruzo kwa wakati mmoja. Sifa hizo ni za haki. Lakini usikilize wimbo ule kwa ajili ya walio nyuma. Mwanzoni ni kama hawamo, wanamwachia Ruffin aijenge hoja yake peke yake. Kisha, linapokaribia jina la wimbo, wanaingia mmoja juu ya mwingine, kila mmoja akilitamka neno lile lile kwa kimo chake, hata neno dogo linapanda hatua kwa hatua mpaka linajaza chumba kizima, na Ruffin anapolichukua tena linakuwa limekwisha kuwa la watu wote. Lau wangaliingia pamoja, wimbo ungalikuwa mzuri tu. Kule kupishana kwao ndiko kulikoufanya udumu.

Katika "The Way You Do the Things You Do", wimbo wa mwaka 1964 unaoifungua santuri na wa kwanza kurekodiwa baada ya Ruffin kuingia, anayeimbisha ni Kendricks kwa ile sauti yake nyembamba ya juu, isiyo ya mtoto wala ya mwanamke, na chini kabisa yuko Melvin Franklin na besi yake. Kati ya sauti hizo mbili kuna nafasi kubwa mno, na kazi ya wale watatu waliobaki ni kuijaza nafasi hiyo bila ya kuisonga. Mafundi wa kwaya zetu wanajua jinsi jambo hili lilivyo gumu, kwani mara nyingi sauti za katikati, yaani alto na teno, hujiona zimeonewa kwa kupewa mwendo usio na urembo, zikaanza kuupamba kwa nakshi zao, na matokeo yake ni kwamba wimbo huwa mzito na maneno hayasikiki. Watatu hawa hawapambi. Wanaishika noti moja kwa uaminifu, wanaiachia pale inapotakiwa kuachiwa, na wote hufunga konsonanti ya mwisho kwa wakati mmoja, hata mtu akadhani ni kinywa kimoja chenye pande nyingi.

Kisha uko "Ain't Too Proud to Beg" wa mwaka 1966, nao ni mahali pa kujifunza mengi. Mtayarishaji Norman Whitfield alikipanga kimo cha wimbo juu kidogo ya uwezo wa kawaida wa Ruffin, kwa kusudi kwamba alazimike kujikaza, na kweli anasikika akijikaza: sauti inakwaruza, inapasuka, inajikusanya na kurejea, kama inavyofaa kwa maneno ya mtu aliyeamua kuitupa heshima yake na kuomba asiachwe. Sasa mwitikiaji afanye nini mbele ya mtu anayelia? Akilia naye, kutakuwa na kelele. Akinyamaza, atamwacha mwenzake katika aibu. Wanne hawa wamechagua njia ya tatu, nayo ni kujibu kwa utulivu na kwa mpangilio usiotetereka, kwa maneno machache, katika vipindi vile vile kila mara, hata kilio cha Ruffin kinapata ukingo wa kukizuia kisimwagike ovyo. Ni kama watu wanaobeba boriti ndefu katika mteremko wa Nyeri wakati wa mvua, ambapo anayeonekana akihangaika ni wa mbele, ilhali miguu inayowafikisha ni ya wale wa nyuma walioukanyaga udongo kwa hadhari.

Wimbo wa nne wa uso wa kwanza, "Don't Look Back", una historia yake. Haukutolewa kama wimbo mkuu, bali ulikuwa uso wa pili wa kisahani cha "My Baby" mwaka 1965, na ndio pekee katika mkusanyo unaoimbishwa na Paul Williams. Watayarishaji wa santuri, kwa insafu ya kusifiwa, waliuingiza katika diwani pamoja na "The Girl's Alright with Me", ambao nao ulikuwa uso wa pili. Sauti ya Paul Williams ni nzito, yenye utu uzima, isiyo na haraka ya kupendwa, na wajuao habari za kundi humtaja yeye kuwa ndiye aliyelifunza kucheza kwa pamoja hatua zile za awali, kabla ya Motown kumleta Cholly Atkins azisafishe. Nausikia wimbo huu kwa jitimai kwa sababu ya yaliyomfika baadaye. Afya yake ilipozorota, alikuwa akisimama jukwaani na kucheza pamoja na wenzake, na nyuma ya pazia alisimama Richard Street, aliyewahi kuwa mwenzao Otis na Melvin katika The Distants, akiimba sehemu za Paul ili watu wasione pengo. Mwaka 1971 Paul aliacha kuimba na kundi, Street akaingia rasmi mahali pake, na mwaka 1973 Paul akafariki akiwa na umri wa miaka 34. Katika habari zote za muziki nilizosoma sijui mfano mwingine wa kuitikia ulio mkubwa kuliko huo wa mtu kumwazima mwenzake sauti kutoka gizani, usiku baada ya usiku, ili heshima ya mgonjwa isivunjike mbele ya halaiki.

Siwezi kuisifu fani hii kwa haki bila ya kutaja kinachoiharibu. Mwaka 1967 kundi la wanawake la The Supremes, lililokuwa la kampuni hiyo hiyo, lilibadilishwa jina ili Diana Ross atajwe peke yake mbele ya wenzake, na Ruffin akataka naye afanyiwe vivyo hivyo. Wenzake walikataa, ukazidi mfarakano, na mwezi wa Juni 1968 wakamwondoa, mahali pake pakachukuliwa na Dennis Edwards. Baada ya hapo Ruffin alikuwa akitokea katika maonyesho yao na kupanda jukwaani bila ya kualikwa, akakichukua kipaza sauti na kuimba nyimbo zake, na watu wakamshangilia. Namhurumia kwa dhati, kwa kuwa alikuwa na kipawa ambacho Mungu humpa mtu mmoja katika kizazi; lakini nawaunga mkono wale wanne, kwa sababu walielewa kwamba jina la kundi lilikuwa ndilo mshahara pekee wa mwitikiaji, na kumtanguliza mmoja katika jina hilo kungekuwa ni kumnyima Franklin na Otis Williams hata kile kidogo walichopata.

Katika muziki wa kwetu wa miaka hiyo hiyo mtu aliyenifunza kusikiliza kwa namna hii ni Joseph Kamaru wa Kangema, Murang'a, aliyezaliwa mwaka 1939 na kufariki mwaka 2018, mtunzi ambaye sifa yake katika Kikuyu haihitaji kalamu yangu. Aghalabu watu humtaja yeye tu; lakini wimbo uliomtangaza, "Celina", wa mwaka 1967, aliuimba pamoja na dada yake, Catherine Muthoni, na mwenye kuzisikiliza nyimbo zao za miaka hiyo atakubali kwamba ladha yake ni ya wawili. Ndugu waliolelewa chungu kimoja hutamka irabu kwa namna moja, hupumua mahali pamoja, na sauti zao zikikutana hazihitaji kutafutana. Muthoni hamfuati kaka yake kwa nyuma, bali hutembea ubavuni mwake, na pale anapomwacha atangulie humwacha kwa uchaguzi. Laiti vibandiko vya santuri zetu vingekuwa na desturi ya kuwataja waitikiaji wote, tungekuwa na majina ya mafundi wengi waliopita katika studio za River Road, ambao leo tunazo sauti zao tu.

Iko kaumu iliyouogopa muziki huu wa Marekani. Mwezi wa Novemba 1969 Mustafa Songambele, mkuu wa Mkoa wa Pwani katika Tanzania, alipiga marufuku muziki wa soul Dar es Salaam, na humu Kenya pia hawakukosekana wazee walioona kwamba vijana wanaopenda nyimbo za Marekani wataziacha za kwao. Hofu hiyo siidharau, maana nchi changa ina haki ya kulinda kilicho chake. Lakini aliyeishika santuri hii akaisikiliza kwa ajili ya waitikiaji angeona kwamba kilichoko ndani yake, hiyo desturi ya mmoja kuita na wengi kujibu, ni amana iliyovuka bahari katika vifua vya watu waliochukuliwa Afrika kwa nguvu, ikahifadhiwa katika mashamba na makanisa ya Kusini kwa karne nyingi, na kijana wa Nyeri aliyeipenda alikuwa anapenda kitu cha ukoo wake.

Wanne kati ya wale watano hawapo tena duniani: Paul Williams alitangulia mwaka 1973, Ruffin akafuata mwaka 1991, Kendricks mwaka 1992, na Franklin mwaka 1995. Aliyeliongoza kundi kwa zaidi ya miaka 60, akiwapokea waimbaji wapya na kuwafunza kila mmoja mahali pa kusimama na pa kunyamaza, ni Otis Williams, ambaye aliimbisha mara haba sana. Sioni kwamba ni sadfa. Waimbishaji wa kundi hili walikuja na kuondoka, kila mmoja na ukubwa wake, na taratibu ya kundi ikabaki mikononi mwa mtu aliyezijua nyimbo zote kutoka upande wa nyuma, akafahamu kila sauti inamtegemea nani.

Kwa hiyo mwalimu wa kwaya wa Karatina, Nanyuki au Kerugoya atakayeipata santuri hii, na siku hizi haina haja ya sindano wala gramafoni, namnasihi asianze na "My Girl", kwa kuwa masikio ya waimbaji wake yameuzoea mno. Aanze na wimbo wa kwanza wa uso wa pili, "Since I Lost My Baby", alioutunga Smokey Robinson pamoja na Pete Moore mwaka 1965; amwache Ruffin apite na huzuni yake, aiache fidla ipite, aiache hata besi ya Franklin ambayo humvuta kila mtu, aitafute sauti ya Otis Williams pale katikati. Mara ya kwanza hataipata. Ataipata mara ya tatu au ya nne, nyembamba na imara chini ya nyingine, na akishaipata ataisikia pia katika nyimbo 11 zilizobaki.